Mvua ya Wimbledon na kaputula nyeusi

Mwezi wa saba kwetu Bukavu ni vumbi. Uingereza wakati huo mvua inaweza kunyesha kutwa nzima. Tena si kama yetu inayopiga mabati kwa nguvu, kisha jua linarudi. Ya London ni nyembamba na haina haraka. Ndiyo iliyotukuta sisi mama wawili wa chama mwaka 2023, tulipokuwa wageni kwa jamaa, tukaenda kuangalia tenisi Wimbledon siku moja kabla ya kupanda ndege. Mvua ikishinda kutwa, hakuna siku ya pili.

Wengi hudhani Wimbledon ni ya matajiri. Viti vya viwanja vikubwa ni ghali kweli, lakini kuna foleni ya watu wote. Unashuka kituo cha Southfields, unafuata wenzako hadi kwenye bustani kubwa, unapata namba yako, unakaa kwenye majani na kungoja. Hakuna kumpa mtu sukari ili upite mbele. Wengine walikuwa wamelala pale katika mahema tangu jana yake. Sisi tulifika alfajiri, tukaingia karibu saa tano na tikiti ya viwanja vidogo. Matone yakaanza.

Viwanja vya mashindano ni 18. Viwili tu vina paa la kufungwa: Uwanja Mkuu uitwao Centre Court, tangu 2009, na Uwanja namba 1, tangu 2019. Wa huko wanaendelea kuangalia mchezo wakiwa wakavu. Sisi wengine, mwavuli.

Lakini ukiwa nje unaona kazi. Mwamuzi akisema basi, kundi la vijana linakimbia na kuvuta turubai zito, lile sisi tunaloita shitingi, na kwa muda mfupi uwanja wote umefunikwa. Majani yale hukatwa hadi milimita 8. Yakilowa kidogo tu yanateleza kama sabuni. Mwaka 2021 Serena Williams aliteleza katika Uwanja Mkuu kwenye mechi yake ya kwanza, akaumia mguu, akatoka akilia. Kwa hiyo usiwalaumu wanaokataa kucheza kwa sababu ya manyunyu.

Tulingoja zaidi ya saa nne. Tulinunua bakuli moja la stroberi na krimu, pauni 2.50, bei ambayo haikuwa imepanda tangu 2010 (laiti wauzaji wa soko letu wangesikia), tukala wawili. Kwenye benchi tulikaa na mama mmoja Mwingereza na binti yake wa miaka kama kumi na mitatu. Vikwembe vyetu vilivyolowa ndivyo vilivyoanzisha mazungumzo, na kutoka hapo tukafika kwenye mavazi ya wachezaji.

Wimbledon kila mchezaji lazima avae nyeupe. Wanawake wanacheza pale tangu 1884, na tangu 2007 zawadi yao ya fedha ni sawa na ya wanaume. Hata hivyo, hadi 2022 ilibidi hata kaputula ya ndani, chini ya sketi, iwe nyeupe. Kila mama anayesoma hapa anajua maana yake katika siku za mwezi, mbele ya maelfu ya watu na kamera. Mchezaji Mwingereza Heather Watson alisema wazi kwamba alimeza vidonge vya uzazi wa mpango ili damu isimjie wakati wa mashindano. Mwaka huo huo wakubwa wa klabu walikubali kubadilisha sheria, na kuanzia 2023 wanawake wanaruhusiwa kaputula ya ndani ya rangi ya giza, mradi isiizidi sketi kwa urefu.

Yule binti alisikiliza yote bila aibu. Sisi tulio walimu tukawakumbuka wasichana wa darasa la sita ambao siku ya michezo wana kichwa kinauma, mwezi baada ya mwezi, na kaputula ya michezo ya shule ni nyeupe. Hakuna aliyewahi kutuuliza kwa nini ni nyeupe. Kwenye mkutano wa wazazi wa mwezi wa tisa tutauliza.

Karibu saa kumi na moja mvua ilikatika. Turubai likavutwa, mwamuzi akainama na kupapasa majani kwa kiganja, akaita wachezaji. Ilikuwa mechi ya wanawake wawili wawili, na tulikuwa karibu hata tukasikia pumzi zao. Kwenye televisheni hujui jinsi mpira unavyokwenda kwa kasi, wala jinsi unavyoruka chini kwenye majani, mpaka wanapiga magoti karibu kugusa ardhi. Mmoja wao alikuwa na kaputula nyeusi chini ya sketi. Binti akatugusa kiwiko.

Dakika arobaini na tano, kisha manyunyu tena, na vijana wa shitingi wakaja mbio. Wachezaji wakakusanya raketi na kukimbilia ndani. Binti alikuwa amesimama kwenye uzio na mpira wake mkubwa wa sahihi na kalamu. Yule wa kaputula nyeusi akamwona, akarudi kwenye mvua, akaandika jina lake.