Kesi ya Nyumbani Inaanzia Mlango Gani?

Ukikaa ughaibuni muda wa kutosha, ile simu lazima ikufikie. Mzee amefariki, arobaini imepita, sasa kuna nyumba, shamba na akaunti ya benki. Au kiwanja ulichomtumia mdogo wako hela akununulie Kigamboni kimeota ukuta wa mtu mwingine. Anayepiga simu anakutuliza: usijali, tumeshafungua kesi. Kabla hujauliza wakili ni nani na anataka kiasi gani, uliza hivi: mmefungua wapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu shauri lililofunguliwa mahali pasipo na mamlaka haliponi, hata ushahidi uwe umenyooka namna gani. Hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa, na ikikubaliwa kila kilichofanyika chini kinafutwa. Mnarudi mwanzo, hela zimeliwa, na mashahidi wengine wameshazikwa.

Kwa Tanzania Bara, ngazi zenyewe si siri: Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, na kileleni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Wengi wetu tulikaririshwa hivyo shuleni, tukabaki na picha kwamba kesi ndogo huanzia chini na kubwa huanzia juu. Picha hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaelezwa na historia.

Enzi za Waingereza, Tanganyika ilikuwa na haki za aina mbili. Kulikuwa na mahakama za serikali, na pembeni yake mahakama za wenyeji chini ya machifu na maliwali, zilizoamua kwa mila na, hasa pwani, kwa sheria ya Kiislamu. Sheria ya mwaka 1929 ilizitenga kabisa na Mahakama Kuu: asiyeridhika alikata rufaa kwa bwana shauri, na kutoka hapo kupanda ngazi za utawala hadi kwa Gavana. Ofisa yuleyule aliyesimamia kodi ndiye aliyesikiliza rufaa yako. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunganisha mifumo hiyo miwili, na Mahakama ya Mwanzo ikazaliwa chini ya paa moja na nyingine zote.

Ndiyo maana hadi leo mahakama hiyo ina sura ya asili yake. Inaendeshwa kwa Kiswahili, na uwanja wake mkuu katika madai ni mila na sheria ya Kiislamu. Kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kusimama humo. Mabadiliko ya mwaka 2021 yamemfungulia pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Inasikiliza pia madeni: ukimkopesha rafiki na hataki kulipa, unaweza kumshtaki hapo mradi deni halizidi shilingi milioni 30.

Sasa mirathi, ambako watu wetu huumia zaidi. Mahakama ya Mwanzo husimamia mirathi ambayo sheria yake ni ya kimila au ya Kiislamu. Tazama familia hii ya kufikirika, ingawa mfano wake ni wa kila siku: baba Mlutheri wa Machame, ndoa ya kanisani, wosia wa maandishi, maisha yake yote ameishi mjini kama ofisa wa serikali. Mtoto mkubwa anakwenda Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani kwa sababu ni nafuu na ni haraka. Anabeba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo (kitu ambacho ni desturi zaidi kuliko sharti la sheria, lakini jaribu kufika bila nao). Anateuliwa kuwa msimamizi, anauza nyumba. Miaka miwili baadaye dada yake anapinga. Majaji watatazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini: je, aliishi kwa mila za Kichaga, au aliziacha? Wakiona aliziacha, uteuzi wote unafutwa, kwa sababu mirathi yake ilipaswa kwenda Mahakama Kuu, au mahakama ya wilaya pale sheria inapoiruhusu. Aliyenunua nyumba naye anaingia kwenye vurugu.

Hapohapo niseme jambo linaloniudhi kila ninapolisikia: msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu. Ni mtumishi wa mahakama na wa warithi. Akiteuliwa Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Akiteuliwa Mahakama Kuu ana miezi sita kwa orodha, na mwaka mmoja kwa hesabu ya alivyogawa. Ukiwa Stockholm au Houston na kaka yako ni msimamizi wa mwaka wa nne asiyeonyesha karatasi, una haki ya kuiomba mahakama imwite ajieleze.

Ardhi ina njia yake peke yake, na hapa ngazi za shuleni hazisaidii. Tangu sheria ya mwaka 2002, mgogoro wa ardhi haupelekwi Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya. Unaanzia Baraza la Kata. Zamani baraza hilo liliamua; tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Bila hati hiyo, kwa kawaida Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikupokei. Nalo lina kikomo, shilingi milioni 300 kwa madai ya kurudishiwa ardhi. Kinachozidi hapo ni cha Mahakama Kuu. Lakini ndugu wakigombania wao kwa wao mali ya marehemu, hiyo ni mirathi, hata kama kinachogombaniwa ni kiwanja.

Na kwa sisi tunaokaa mbali kuna saa inayotembea kimya: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mtu akivamia shamba lako Mkuranga ukanyamaza kwa kuwa utashughulika ukirudi, siku utakayorudi unaweza kukuta sheria iko upande wake.

Ndoa sitaikalia sana. Talaka inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au hata Mahakama Kuu, ila kwa kawaida lazima kwanza mpite baraza la usuluhishi wa ndoa mpate hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Temeke kuna kituo jumuishi cha mashauri ya familia, kilichofunguliwa mwaka 2021, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko jengo moja.

Zanzibar ni nyumba nyingine. Ina Mahakama Kuu yake na Mahakama za Kadhi zinazosikiliza ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, na shauri lililoanzia kwa kadhi haliendi Mahakama ya Rufani ya Muungano, linaishia visiwani. Mwenye baba wa Pemba na mama wa Tanga ajipange kwa mifumo miwili.

Je, lazima upande ndege? Si mara zote. Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu yako akusimamie katika shauri la madai ukiomba. Kwingineko unaweza kumpa mtu hati ya uwakilishi, na hapo kuishi kwako nje ndiyo sababu yenyewe inayokubalika. Anayeishi Sinza hawezi kumtuma mwingine kwa uvivu tu. Tangu mwaka 2021 zipo pia kanuni za kusikiliza mashauri kwa mtandao. Ila mahakama haitasogeza saa zake kwa ajili yako: saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam ni saa saba usiku Minneapolis wakati wa kiangazi.