Hafiki gramu 30, lakini huruka kutoka Alaska hadi Kenya

Ukisikia neno mwanasayansi, pengine unawaza koti jeupe na maabara safi. Kuna wale ambao ofisi yao ni mlima usio na mti hata mmoja, upepo mkali, na jua linalokataa kutua.

Eagle Summit ni mahali pa aina hiyo. Ni kilele cha zaidi ya mita 1,100 kaskazini-mashariki mwa jiji la Fairbanks, Alaska. Majira ya joto huko ni mafupi, hivyo mtafiti hana muda wa kupoteza. Mwaka 2009, kikosi kilichoongozwa na Franz Bairlein, mtaalamu wa ndege kutoka Ujerumani, kilienda huko kumtafuta ndege mdogo ambaye wanasayansi humwita Oenanthe oenanthe. Uzito wake ni takriban gramu 25. Swali lilikuwa moja: baridi ikiingia, jamaa huyu huenda wapi?

Kila ndege aliyenaswa alifungwa kifaa chepesi kisichofika gramu 2, kisha akaachiliwa. Kifaa hicho hakitumi ujumbe popote. Kazi yake ni kurekodi mwanga tu: jua limechomoza lini, limetua lini. Urefu wa mchana hukuonyesha uko kaskazini au kusini kiasi gani. Saa ya adhuhuri hukuonyesha uko mashariki au magharibi. Sisi tulio karibu na ikweta tunajua mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Alaska mambo ni tofauti kabisa.

Hapo ndipo palikuwa na noma. Ili kusoma rekodi hiyo, lazima umnase ndege yuleyule tena, mwaka unaofuata, akiwa hai. Asiporudi, kazi yako yote imeenda naye. Wengi hawakupatikana tena. Mwishowe, ni ndege 3 tu wa Alaska waliotoa rekodi ya safari nzima.

Lakini hao 3 walitosha kushangaza dunia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ndege hao walivuka bahari hadi Urusi, wakapita Siberia, Kazakhstan na jangwa la Arabuni, kisha wakatua Afrika Mashariki, katika eneo la Sudan, Uganda na Kenya. Ni kilomita 14,500 hivi, kwenda tu. Kuja huku kuliwachukua takriban siku 91. Kurudi, siku 55, maana anayechelewa hukuta sehemu nzuri za kutagia zimeshanyakuliwa.

Kwa hivyo nyasi fupi za huku kwetu ni nusu ya maisha ya ndege wa Alaska. Tukizimaliza kwa mijengo, kuna mlima wa mbali utakaokosa wenyewe.

Unaweza kuwatafuta bila kupanda ndege. Kuanzia Oktoba hadi Machi, angalia uwanda wazi kama Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi: ndege aliyesimama wima juu ya jiwe au kichuguu, akiruka mgongo karibu na mkia unang'aa weupe. Ukimwona, nakili tarehe na mahali, kisha uwasilishe kwa Kenya Bird Map, mradi unaochora ramani ya ndege wa nchi hii kwa msaada wa watu wa kawaida. Koti jeupe halihitajiki.