Pombe Hutengenezwaje, na Sumu Huingilia Wapi?

Wakati wa mavuno hapa Handeni utawaona akina mama wameketi barazani wakichagua mahindi. Mazuri yanatiwa katika gunia. Yenye ukungu yanawekwa kando. Ukiuliza haya ya nini, utajibiwa: "Ya pombe hayo, mganga. Si yatachemshwa?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Mimi si mpishi wa pombe, ni mganga wa zahanati tu, na mengi ya upishi nimeyajua kwa kuwauliza wapishi wenyewe. Tukiifuata pombe tangu mwanzo wake, tutaona sumu inaingilia wapi.

Pombe zote duniani, za mtungini na za chupa, zina asili moja: hamira inakula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya ukaa. Hamira ni vijidudu ambavyo macho hayavioni. Tembo la mnazi lina sukari tayari, ndiyo maana linaloteremshwa asubuhi likiwa tamu huwa kali ifikapo jioni. Miwa ni hivyo hivyo. Ukipanda Usambara au Upare utakuta pombe yake inaitwa dengelua.

Lakini mahindi hayana sukari ya kutosha, yana wanga, na hamira haiwezi kuula wanga. Hapo ndipo kimea kinapohitajika. Mtama au uwele hulowekwa, hufunikwa mpaka uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Mbegu inapochipua hutengeneza kitu kiitwacho kimeng'enya, ambacho huugeuza wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpishi hukitumia kimeng'enya hicho katika uji wa mahindi. Yeye hatii kimea katika uji unaotokota. Hungoja uwe vuguvugu. Bibi zetu walilijua jambo hili bila kusoma kitabu, kwa sababu moto mkali hukiharibu kimeng'enya, na uji haupati utamu.

Baada ya saa kadhaa uji huo huwa togwa. Ukiachwa siku moja au mbili zaidi, hamira iliyomo katika kimea na katika mtungi wenyewe huanza kazi, na povu hupanda. Huchujwa kwa kung'uto, na pombe iko tayari. Katika lita 1 kileo huwa kiasi cha mililita 30 hadi 60. Bia ya kiwandani haipishani sana na hiyo, ila kimea chake ni cha shayiri, nayo hutiwa maua machungu yaitwayo hopsi.

Sasa turudi kwenye yale mahindi yenye ukungu. Ukungu ni kuvu, na aina fulani ya kuvu huacha ndani ya punje sumu iitwayo sumukuvu. Ukichemsha uji, kuvu atakufa. Sumu yake haifi. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na sumukuvu huhitaji zaidi ya nyuzi 200 kuharibika. Hamira haiimalizi. Kung'uto haliizuii; nyingine hubaki katika machicha, ambayo tunawapa kuku na nguruwe wetu, na nyingine huingia katika kata ya mnywaji. Tena mnywaji huyo anapokea sumu mbili kwa pamoja, maana kileo chenyewe ni adui wa ini, na sumukuvu hushambulia ini hilo hilo.

Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, sumukuvu katika mahindi iliua watu wapatao 20. Manyara ni jirani zetu. Wagonjwa walitapika, wakavimba tumbo, macho yakawa ya manjano. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huenda asione lolote, kisha akapata saratani ya ini. Zahanati yangu haina kipimo cha sumu hiyo. Akija mtu mwenye macho ya manjano na tumbo limejaa maji, ninaloweza ni kumwandikia barua ya kwenda hospitali, na mara nyingi amekwisha chelewa.

Najua debe la mahindi ni fedha, na pombe ndiyo inayonunua sare za shule katika nyumba nyingi. Basi tuzuie ukungu usiingie. Usimwage mahindi juu ya udongo. Tandika jamvi au turubai. Kabla ya kuyafunga katika gunia, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, ufunge na kutikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yaanikeni tena. Yaliyokwisha oza yafukieni. Wala msiwape kuku.

Sumu ya pili huingia mwishoni. Hamira huzidiwa kileo kikikaribia asilimia 15, kwa hiyo kinywaji kikali zaidi lazima kipikwe kwa mvuke. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji. Mvuke wake hupozwa na kudondoka. Whiskey ya Scotland hutengenezwa hivyo kwa shayiri, kisha hukaa katika mapipa ya mti miaka isiyopungua 3, nayo hupata rangi humo. Gongo letu, ambalo sheria imelikataza, ni njia ile ile, ila mapipa na mabomba yake huenda yalikwisha beba dawa za wadudu, au yameungwa kwa risasi.

Kinachoua watu wengi kwa siku moja lakini ni methanoli, spiriti ya viwandani ambayo wachuuzi huongeza ili kinywaji kiwe kikali kwa bei ndogo. Nairobi mwaka 2000 iliua zaidi ya watu 100. Kabale, Uganda, mwaka 2010 iliua makumi. Haina rangi, na harufu yake hufanana na ya kileo. Wengine huwasha kinywaji moto ili kukipima. Moto hautambui mchanganyiko huo.

Mnywaji huamka akidhani ni uchovu wa kawaida. Saa 12 hadi 24 baadaye, pengine zaidi, macho huona ukungu mweupe, tumbo huuma, hupumua kwa haraka. Msimpe maziwa mkangoja, wala msimlaze apumzike. Mpelekeni hospitali ya wilaya saa hiyo hiyo, hata usiku, na mwende na chupa aliyonywea. Wale aliokunywa nao waende pia, hata kama bado wanaona vizuri.