Kwotabeki mmoja, bei tatu

Majuzi rafiki yangu mmoja wa maabara, anayefuatilia mpira wa Kimarekani kuliko anavyofuatilia tasnifu yake, aliniuliza: hivi thamani ya kwotabeki inapimwaje timu zikibadilishana? Nikamjibu haraka haraka, "Si uzuri wake tu?" Kumbe hapana, na kosa kama hilo liliwagharimu Denver Broncos mamilioni ya dola.

Kwa asiyeujua mchezo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira shambulizi likianza, kisha anaamua amrushie nani. Kwenye ligi ya NFL timu hazinunuani wachezaji kwa pesa kama tulivyozoea kwa klabu za Ulaya. Zinabadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa nafasi za kuchagua vijana wa vyuoni kwenye drafti ya kila mwaka. Halafu kuna kikomo cha mishahara, kilekile kwa timu zote. Mwaka 2022 kilikuwa dola milioni 208.2. Kila dola unayompa kwotabeki, umewanyima wanaomkinga na wanaomdakia mipira.

Kwa hiyo kinachopimwa ni ziada. Chukua mchango wake, uliza ungelipa kiasi gani kuupata mchango kama huo sokoni, kisha toa mshahara wake, kwa miaka yote iliyobaki kwenye mkataba.

Mwangalie Russell Wilson. Seattle walimchagua mwaka 2012 akiwa wa 75 kwenye drafti, kwa hiyo mkataba wake wa kwanza ulikuwa wastani wa chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Februari 2014 wakatwaa Super Bowl naye, 43 kwa 8 (na waliofungwa ni Denver haohao!). Hiyo ni ziada kubwa mno.

Machi 2022, Wilson akiwa na miaka 33, Denver wakamchukua. Walitoa nafasi 2 za raundi ya kwanza, 2 za raundi ya pili, 1 ya raundi ya tano na wachezaji 3, wakarudishiwa nafasi moja ya raundi ya nne. Kabla hajawachezea mechi hata moja ya ligi, wakamwongezea mkataba wa miaka 5 wa takriban dola milioni 245. Ukiniuliza mimi, kosa liko hapo. Nafasi za drafti ndizo zinazokuletea wachezaji wa bei nafuu. Ukishazitoa, halafu ukamlipa mtu bei kamili ya soko, ziada itoke wapi? Hata angecheza kama zamani, wangekuwa wamemlipia mara mbili. Na hakucheza kama zamani: msimu huo walishinda mechi 5, wakapoteza 12, na hakuna timu iliyopata pointi chache kuliko wao. Machi 2024 wakamwachia, wakabaki na dola milioni 85 za kuingiza kwenye kikomo chao kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Pittsburgh wakamchukua kwa dola milioni 1.21, huku Denver wakiendelea kulipa sehemu kubwa ya mshahara wake. Hakuwa tena yule wa 2014. Lakini kwa bei hiyo hata kwotabeki wa kawaida anakuachia ziada, na Pittsburgh walifika hatua ya mtoano.

Ziada inaweza pia kuwa hasi. Mwaka 2021 Rams walimtaka Matthew Stafford wa Detroit, wakamtoa Jared Goff pamoja na nafasi 2 za raundi ya kwanza na 1 ya raundi ya tatu. Wengi waliona kwamba sehemu ya malipo hayo ilikuwa ni kuwashawishi Detroit waubebe mkataba mnono wa Goff. Rams wakawa mabingwa Februari 2022. Lakini Goff, aliyehesabiwa kuwa mzigo, akaifikisha Detroit mechi moja tu kabla ya Super Bowl, Januari 2024. Miezi michache baadaye akasaini mkataba mpya wa miaka 4, dola milioni 212, na hesabu ya ziada yake ikabidi ianze upya.