Mchango wa utafiti wa upasuaji nao huokoa maisha

Jirani akiambiwa anahitaji kupasuliwa, sisi wakazi wa Daraja Mbili tunajua la kufanya. Jumuiya inakutana, daftari la michango linapita nyumba kwa nyumba, na mgonjwa anapelekwa hospitali. Hilo ni jema. Lakini je, tumewahi kuchangia ili madaktari wajue njia iliyo bora ya kupasua? Mchango wa kwanza humfaa mgonjwa mmoja. Huu wa pili huwafaa wengi tusiowajua.

Utafiti wa upasuaji ni nini?

Ni kuuliza swali moja na kulijibu kwa kuchunguza na kuhesabu. Fedha zake hulipia nauli, karatasi, vipimo na watu wa kuwafuatilia wagonjwa hata baada ya kurudi nyumbani.

Paundi 25 na gari kuukuu

Mwaka 1957 Dk. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Kisu hakikuwaponya. Kwa msaada wa paundi 25 alichapisha karatasi zenye picha, akazituma hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama ugonjwa huo upo kwao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu kwa paundi 250. Walisafiri kama kilometa 16,000, wakipita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, na kutembelea hospitali zaidi ya 50.

Waligundua kuwa ugonjwa huo ni wa sehemu zenye joto na mvua. Penye baridi ni adimu. Mwaka 1964 watafiti wa London waliona kirusi katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Ikajulikana pia kuwa saratani hiyo hutibika kwa dawa. Leo watoto wengi wanaowahishwa hospitali hupona.

Swali la glovu

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa upasuaji wa tumbo katika nchi 7, Rwanda ikiwamo, kwa wagonjwa zaidi ya 13,000. Gharama zililipwa na mfuko wa utafiti wa Uingereza. Swali lilikuwa: je, kubadili glovu na vyombo kabla ya kushona kidonda kunasaidia? Pasipo kubadili, wagonjwa 19 hivi kati ya 100 walipata maambukizo ya kidonda. Palipobadilishwa, walikuwa 16. Kwa familia hizo tatu, ni siku chache zaidi za kulala wodini na deni dogo zaidi.

Hapa Arusha ipo ofisi ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999. Kwa hiyo kazi hii haiko mbali nasi.

Tukiombwa kuchangia, tuulize:

1. Utafiti unajibu swali gani, na swali hilo linatuhusu?
2. Una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu?
3. Nani anatunza fedha, na hesabu itasomwa lini?
4. Mgonjwa ana uhuru wa kukataa bila kunyimwa matibabu?
5. Matokeo tutaelezwa kwa lugha tunayoielewa?

Majibu yakiridhisha, tusione haya kutoa kidogo. Burkitt alianza na paundi 25.