Mto Ni Maji au Ni Mchanga?

Mgeni akifika Kasikeu mwezi wa Septemba na kuonyeshwa mto, huenda akadhani anataniwa. Hataona maji hata tone. Ataona ukanda wa mchanga baina ya kingo mbili. Sisi wenyeji twauita mto, wala hatukosei, kwa maana maji yamo ndani. Kina mama huchimba shimo, wakangoja, nayo yakachirizika. Mchanga wa chembe kubwa huweza kuhifadhi maji yapatayo robo ya ujazo wake au zaidi, na yaliyo chini sana jua haliyafikii.

Hilo ndilo hunirejesha kwenye fumbo la Eubulides wa Miletus, Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Ukitoa punje moja katika lundo, je, halibaki lundo? Ukitoa ya pili? Ni punje ipi basi iliyoliondoa lundo? Wanafunzi hucheka. Dereva wa lori la mchanga alijua fumbo hili pasipo kusoma falsafa: lori langu moja, asema, haliwezi kuumaliza mto. Asema kweli, na mwenzake wa kesho atasema kweli vilevile, hata ubaki mwamba mtupu. Haba na haba hujaza kibaba, hukikausha pia.

Ipo hoja nyingine, tena nzito zaidi. Mchanga huu si ule wa mwaka jana. Mafuriko ya Novemba huuchukua na kuleta mwingine kutoka vilimani, nasi hatusemi mto umekufa. Lori lina kosa gani basi? Swali hili lataka jibu, si hasira. Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kitabuni mwake mwaka 1694, alieleza kwamba mwaloni hubaki mwaloni uleule ijapokuwa chembe zake hubadilika, kwa kuwa mpangilio wa uhai wake waendelea. Mto hauna uhai wa mti, lakini naona hoja yauhusu. Mchanga uliomwagwa uani kwa mjenzi kule Nairobi una punje zilezile za mto, na bado si mto wala kipande cha mto: hauna kingo, hauna mwamba wa kuzuia maji, haupokei gharika. Mafuriko hutoa na kurudisha, mpangilio ukadumu. Lori hutoa tu. Ndiyo maana ukuta wa bwawa la mchanga, uliojengwa kwa jasho la mwethya, haubuni mto mpya. Huusaidia uleule kuendelea.

Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Wapo wanaonung'unika kwamba mipaka ya sheria ni ya kubuni: kwa nini pachimbwe hapa, pakatazwe pale? Naam, ni ya kubuni, kama ule wa mwaka 1992 uliotutoa wilaya ya Machakos na kutuweka Makueni bila kijito kimoja kuhama. Lakini kutoijua punje ya mwisho si ithibati kwamba mto na mwamba mtupu ni kitu kimoja. Mama aliyebeba dumu, akipita shimo hili na lile akitafuta lenye maji, hana shaka na tofauti hiyo.