Miwani ya Kuona Mbali na Karibu

Ndugu, ukipita miaka 40, lenzi ya ndani ya jicho huwa ngumu, nawe husogeza kitabu mbali ili usome. Hujalogwa; ni umri.

Tangu 1959 iko miwani ya Kifaransa ambayo kioo chake kimoja huonyesha mbali kwa juu, karibu kwa chini, bila mstari. Haichaguliwi sokoni kwa kujaribu. Mpimaji apime mboni zako ukiwa umevaa fremu. Fremu fupi hukata sehemu ya kusomea, na fedha yako imepotea.

Pembeni huonyesha ukungu: geuza kichwa. Ukishuka vilima vya Walungu, inamisha kichwa, utazame kwa juu ya kioo, usianguke.

Kwa kusoma tu, miwani ya kusomea yatosha.